Hewa ya Nje Ikigeuka Sumu: Mwongozo kwa Wanaoshika Zamu Hospitalini

Kabla hujaandika mpango wowote, zunguka hospitali yako na kalamu na karatasi, uhesabu madirisha yasiyofungika. Sisemi yaliyo wazi. Nasema yale ambayo hata ukitaka kuyafunga hayakubali. Utakuta luva zilizopoteza vioo viwili vitatu, na pengo limezibwa kwa filamu ya zamani ya eksirei. Utakuta mkono wa dirisha ulioshikwa na kutu tangu enzi za mganga mfawidhi aliyepita. Juu ya ukuta, chini kidogo ya dari, kuna safu ya matofali ya matundu yaliyowekwa makusudi ili hewa ya joto itoke, nayo hayana kifuniko hata kimoja. Ukimaliza mzunguko huo utakuwa umeelewa kwa nini agizo la "fungeni madirisha yote", linalopendwa sana na miongozo iliyoandikwa kwa hospitali za nchi za baridi, katika wodi zetu nyingi ni maneno matupu.

Wala wodi hizo hazikujengwa hivyo kwa uzembe. Wodi ndefu yenye madirisha pande zote mbili ilikusudiwa upepo upite kati, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu upepo wa asili katika vituo vya afya, lilitaka kila mgonjwa wa wodi ya kawaida apate lita 60 za hewa kwa sekunde, na kila mgonjwa wa chumba cha maradhi yanayoenea kwa hewa apate lita 160. Mtambo wa kusukuma hewa kiasi hicho ni ghali kuununua na ghali zaidi kuutunza, ilhali dirisha ni la bure. Kwa hiyo siku hewa ya nje inapoharibika, kinga yako ya kila siku ndiyo mlango wa hatari. Huwezi kuifunga hospitali nzima. Unachoweza ni kuchagua vyumba vichache mapema, kuvifanya vifungike kweli, na kumpa aliye zamu ya usiku ruhusa ya kuvifunga bila kumwamsha mtu yeyote.

Moshi unakaa, gesi inapita

Hatari inayoingia kwa dirisha ni ya namna mbili, na kila moja ina dawa yake. Ipo inayokaa: moshi wa dampo lililoshika moto, moto wa msituni, jivu la volkano. Hiyo huja taratibu na inaweza kuwakalia siku kadhaa, hata wiki. Na ipo inayopita: wingu la gesi lililotoka kwenye lori lililopinduka au kwenye mtungi wa kiwandani, ambalo huenda likawafikia kwa dakika chache na likaondoka baada ya saa moja au mbili. Ukitumia mbinu za gesi kupambana na moshi, utawafungia watu mpaka wakose hewa. Ukitumia mbinu za moshi kupambana na gesi, utakuwa bado unatafuta barakoa wakati watu wameshaanza kuanguka.

Kwa moshi, kipimo ni chembe zile ndogo zaidi, za chini ya maikromita 2.5, zinazopita puani na kooni na kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Katika kipimo kinachotumiwa Marekani, daraja la juu kabisa la hatari huanzia 225.5, yaani takriban mara 15 ya kiwango hicho. Vifaa vidogo vya kupima chembe hizo sasa vinapatikana kwa bei ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuibeba, na kimoja kwenye baraza na kingine ndani ya wodi ya watoto vinatosha kabisa. La maana si tarakimu ya nje peke yake. Ni tofauti kati ya nje na ndani. Kama vipimo viwili vinasoma sawasawa baada ya kufunga, hujafunga kitu.

Ukikosa kifaa, tumia macho kwa utaratibu. Chagua vitu vitatu vinavyoonekana kutoka getini, mathalani paa la shule, mnara wa simu na kilima, kisha uandike umbali wake. Mlinzi akitoa taarifa kwamba mnara hauonekani, hiyo ni taarifa. Akisema tu "kuna moshi mwingi" hujui ufanye nini nayo. Pwani, ukungu wa alfajiri huweza kudanganya, hivyo na harufu isikilizwe.

Kwa gesi hali ni nyingine, maana hutapata muda wa kupima. Unachohitaji ni kujua mapema nani jirani yako. Baadhi ya mitambo ya kusafisha maji huhifadhi mitungi ya klorini. Viwanda vikubwa vya samaki na barafu hupoza kwa amonia. Malori yaliyopakia salfa, ile poda ya manjano, hutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea migodi ya shaba ya Zambia na Congo, na barabara hiyo inapita karibu na hospitali nyingi mno. Salfa ikiwaka hutoa dayoksaidi ya salfa, inayobana kifua cha mwenye pumu kabla ya mtu mwingine yeyote kukohoa. Gesi ya kupikia iko kila mtaa. Wakazi wa Embakasi, Nairobi, waliona usiku wa tarehe 1 Februari 2024 namna gari moja la gesi linavyoweza kuteketeza nyumba na kujaza hospitali kwa wakati mmoja. Na gesi ya kupikia ikivuja karibu na uzio wako, usikimbilie kuzima na kuwasha swichi. Cheche ya feni inatosha.

Nenda ukaonane na meneja wa kiwanda kabla ya siku mbaya. Mwombe orodha ya kemikali zake, kiasi anachohifadhi, na karatasi ya usalama ya kila moja. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ilipotoka kwenye kiwanda cha dawa za wadudu huko Bhopal, India, maelfu walimiminika hospitali ya Hamidia, na madaktari wakawa wanatibu sumu wasiyojua jina lake. Ubaya wa hali hiyo ni kwamba ilikuwa inazuilika kwa ziara moja na karatasi moja.

Kwa malori, bandika kando ya simu ya mapokezi nambari chache za yale mabango ya rangi ya chungwa yaliyoko nyuma na ubavuni mwa gari: 1017 ni klorini, 1005 ni amonia, 1350 ni salfa ngumu, 1075 ni gesi ya kupikia, 1689 ni sianidi ya sodiamu iendayo migodi ya dhahabu. Anayepiga simu kutoka eneo la ajali aulizwe swali hili kabla ya idadi ya majeruhi: "Bango limeandikwa nambari gani?" Aisome kwa mbali, akiwa upande upepo unakotoka. Akijibu kwamba itambidi aingie kwenye moshi ili aone, mwambie aache.

Hewa nzito na mgonjwa wa sakafuni

Karibu gesi zote nilizozitaja ni nzito kuliko hewa. Klorini ni nzito kama mara mbili na nusu. Amonia ni nyepesi, ila ikitoka kwenye mtungi ikiwa baridi sana nayo hutambaa chini mwanzoni. Gesi nzito hufuata mteremko: mtaro, ngazi za kushuka, bonde, chumba cha chini ya ardhi.

Watu wa magharibi ya Goma, kuelekea Sake, hawahitaji kufundishwa hili. Wanaijua mazuku, yale mashimo katikati ya miamba ya zamani ya volkano ambamo kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi huanguka kwanza kwa kuwa pua yake iko chini, kisha mtoto, na mtu mzima anayeinama kumwokota mtoto. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, baadhi ya waliokufa hawakuguswa na moto. Walikosa hewa wakivuka juu ya lava iliyoonekana kuwa imepoa.

Sasa ingia wodi yako ya akina mama au ya watoto saa tano usiku. Nani amelala chini? Vitanda vimejaa, kwa hiyo kuna wagonjwa juu ya magodoro sakafuni, na kuna mama na shangazi waliotandika mkeka chini ya kitanda cha mtoto. Hao ndio gesi nzito itakaowafikia kwanza, nao hawamo katika mpango wowote niliowahi kuusoma. Amri ya kwanza ya zamu ikiwa gesi inakuja iwe hii: kila aliye sakafuni ainuke. Wawili kitandani ni afadhali. Kisha panda nao juu kama jengo lina ghorofa, na mbali na upande unaotazama ajali. Kwa moshi wa dampo ghorofa haina faida yoyote, kwa hiyo usiwasumbue wagonjwa kwa ngazi bure.

Chumba cha kujifungia

Kila jengo lichaguliwe chumba kimoja au viwili. Kinachofaa kina madirisha machache, kiko upande ambao upepo wa kawaida hauupigi, kina choo au angalau ndoo yenye mfuniko, na kina soketi zinazofanya kazi. Mara nyingi kitakuwa chumba cha mikutano, ofisi ya uhasibu au stoo kubwa, si wodi. Mhasibu atalalamika. Kubaliana naye kwa maandishi sasa, wala si siku ile.

Kwa kujifungia dhidi ya gesi, kanuni inayotumiwa na mamlaka za maafa za Marekani ni takriban mita moja ya mraba ya sakafu kwa kila mtu, na hapo hewa iliyomo huwatosha watu waliotulia kwa hadi saa tano. Chumba cha mita 5 kwa 6 kinachukua watu 30. Katika hao 30 hesabu na wale wanaowauguza, maana hakuna mama atakayekubali mtoto wake afungiwe peke yake, na hupaswi hata kumwomba.

Nunua karatasi ya nailoni ile nzito ya kufunikia mazao, uikate kwa kipimo cha kila dirisha, uandike nambari ya dirisha kwa wino usiofutika, uikunje pamoja na utepe mpana wa kufungashia, uiweke ndani ya chumba chenyewe. Ikikaa stoo kuu yenye kufuli, na ufunguo anao mtu aliyekwenda Dodoma semina, huna nailoni. Chini ya mlango weka kanga au shuka iliyolowa. Matofali ya matundu yazibwe na fundi kwa ubao wa kufungua na kufunga. Ni kazi ya siku moja, na inafaa hata kwa mbu.

Zima feni zote za kutoa hewa nje, kwa sababu kinachotolewa huku lazima kiingie kwingine. Feni ya dari haina neno. Kiyoyozi cha vipande viwili, chenye mashine yake nje, kwa kawaida huzungusha hewa ya ndani tu, hivyo kinaweza kuendelea. Kile cha dirishani kina kitufe cha kuingiza hewa ya nje na lazima kifungwe. Chumba cha upasuaji chenye mtambo mkubwa kinamhitaji fundi anayejua mahali hewa inapoingilia. Jina lake na simu yake viandikwe kwenye mtambo wenyewe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kufungua. Hata chumba kilichozibwa vizuri huvuja kidogo kidogo, na wingu likishapita nje, ndani hubaki na gesi iliyopenya. Kuanzia dakika hiyo chumba chako ni kibaya kuliko uwanja. Kwa hiyo aliyetoa amri ya kufunga ndiye afuatilie habari kutoka zimamoto, na mara tu nje kunapokuwa salama, madirisha yote yafunguliwe kwa mpigo mmoja na watu watoke nje. Nimeona mipango yenye kurasa nne za kufunga na isiyo na mstari hata mmoja wa kufungua.

Moshi wenu wenyewe

Wakati hewa ya nje ni mbaya, hospitali ina njia zake za kuizidisha. Kichomea taka kisiwashwe siku hiyo hata kama ndoo za taka zimejaa. Zifungwe, ziwekwe kivulini. Jenereta iangaliwe bomba lake linaelekea wapi. Bomba lililo mita chache kutoka dirisha la leba halikuwa tatizo wakati upepo ulikuwa unapita. Mkishafunga upande mmoja, moshi huo hutafuta mwingine.

Hatari zaidi kuliko vyote ni jiko la mkaa. Ndugu wa wagonjwa hupika nyuma ya wodi, na moshi ukizidi nje watatafuta mahali pa kupikia uji. Jiko likiingia ndani ya chumba kilichozibwa, kaboni monoksaidi itaua watu ambao moshi wa nje ungewakohoza tu. Weka mtu mmoja, mzee wa heshima katika idara ya usafi au ustawi wa jamii, kazi yake siku hiyo ikiwa ni majiko, na hospitali itoe uji na chai kutoka jikoni kwake. Ukikataza kupika bila kutoa chakula, jiko litaingia usiku chini ya kanga.

Na usiamini kile kidude cha kubana kidoleni kwa mgonjwa aliyevuta moshi wa moto. Kaboni monoksaidi ikishika damu, kifaa hicho hakitofautishi, kitakuonyesha 98 au 99 kwa mtu anayekufa. Mgonjwa aliyetoka kwenye moto, anayeumwa kichwa, anayetapika au kuchanganyikiwa, apewe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa yenye mfuko, tarakimu ziseme zitakavyo. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne hadi tano kutoka mwilini; kwa oksijeni tupu huchukua takriban saa moja na nusu.

Oksijeni: piga hesabu sasa

Mashine inayotengeneza oksijeni kando ya kitanda huvuta hewa ya chumba. Chumba kikiwa na moshi, chujio lake huziba, nguvu hushuka, na mgonjwa anapata pungufu huku taa ya kijani ikiwaka. Chujio la nje lioshwe kila siku ya moshi badala ya kila wiki, na mashine isogezwe kwenye chumba safi. Mtambo mkubwa wa hospitali nao una tundu lake la kuvutia hewa. Wingu la gesi likija, uzimwe, mhamie kwenye mitungi.

Mtungi mkubwa wa kawaida una takriban lita 6,800. Kwa lita 5 kwa dakika hudumu zaidi kidogo ya saa 22. Kwa lita 15 hudumu saa saba na nusu. Ukiwa na wagonjwa 20 wanaovuta lita 5, unatumia lita 6,000 kwa saa, yaani mitungi 21 au 22 kwa siku. Nenda stoo uhesabu. Kisha uliza mitungi hiyo hujazwa wapi, na kama barabara ya kwenda huko ndiyo ileile iliyofungwa na ajali. Dawa za kuvuta za pumu na mashine zake za mvuke ziwe na akiba, kwa kuwa moshi ukianza wenye pumu hawachelewi kufika. Wanaohudhuria kliniki za pumu na moyo wapewe dawa za ziada mapema, wasilazimike kutembea ndani ya moshi kuzifuata.

Wodi ya kifua kikuu

Hapa sina jibu safi, na simwamini anayedai analo. Ukifunga wodi ya kifua kikuu unawaambukiza wauguzi. Ukiiacha wazi unawajaza moshi watu ambao mapafu yao tayari yameharibika. Ninachoshauri ni hiki. Kwa wingu la gesi la saa moja, funga, lakini wabaki katika chumba chao wenyewe, wagonjwa wakivaa barakoa za upasuaji na watumishi wakivaa N95. Wasichanganywe kabisa na chumba cha kujifungia cha watu wengine, hata kama kina nafasi. Kwa moshi wa siku nyingi, acha wazi madirisha ya upande ambao moshi hautokei, funga ya upande mwingine, na weka feni yenye chujio zito la chembe ndani. Wanaotumia dawa na hali zao zinaruhusu waendelee na matibabu nyumbani, iwapo nyumbani kuna hewa nzuri zaidi. Uliza kwanza. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga anayeruhusiwa kutoka wodini: kama nyumba yao iko kando ya dampo linaloungua, kesho si mbali.

N95 huzuia chembe za moshi na jivu zikikaa sawasawa usoni. Haizuii gesi. Ile ya upasuaji inasaidia kidogo sana kwa moshi, na kitambaa kilicholowa ni cha kujipa moyo. Watoto wa chini ya miaka miwili wasivishwe barakoa ya aina yoyote.

Getini

Tarehe 20 Machi 1995, sumu ya sarin ilipoachiwa kwenye treni za chini ya ardhi jijini Tokyo, hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku ile. Wengi hawakuletwa na gari la wagonjwa. Walikuja kwa miguu, kwa teksi, kwa magari ya wapita njia. Waliingia na nguo zao. Walilazwa hata katika kanisa la hospitali, ambalo hewa yake haikuwa ikizunguka vizuri, na zaidi ya watumishi 100 wakapata dalili za sumu iliyotoka kwenye mavazi ya wagonjwa. Kwetu teksi itakuwa bodaboda au bajaji, lakini mambo ni yaleyale: majeruhi watafika kabla ya taarifa.

Kwa hiyo getini pawe na mahali pa kuvulia nguo na kuoshea, upande upepo unakotoka, penye bomba refu la maji na mapazia mawili ya turubai, moja kwa wanawake na jingine kwa wanaume. Bila mapazia hakuna mama atakayevua, na atakuwa na haki. Andaa kanga na mashuka ya kujifunika, na mifuko ya plastiki ya kufungia nguo zilizochafuka ikiwa na jina la mwenyewe, kwa sababu ndani ya mfuko wa suruali ile kuna simu na nauli. Macho yaliyochomwa na klorini, amonia au dawa za wadudu yaoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa robo saa au zaidi. Aliyevuta tu moshi au kaboni monoksaidi hahitaji kuoshwa. Usimcheleweshe kwenye foleni ya bomba wakati anahitaji oksijeni. Aliyevuta klorini na kujisikia nafuu asiruhusiwe kuondoka haraka, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Anayegonga kengele

Mtu wa kwanza kunusa kitu kibaya saa tisa usiku ni mlinzi. Wa pili ni muuguzi wa zamu. Mganga mfawidhi yuko nyumbani, amelala. Mpango unaosema "mganga mfawidhi atatangaza hali ya hatari" unahitaji simu ipokelewe, aeleweshwe, aamke vizuri, afikiri, na huenda ampigie mganga mkuu wa wilaya kwanza. Andika badala yake kwamba muuguzi kiongozi wa zamu ana mamlaka kamili ya kufunga, na kwamba hataulizwa kwa maandishi iwapo itathibitika halikuwa jambo kubwa. Sentensi hiyo ya mwisho itiwe saini na mkuu wa hospitali, ibandikwe mahali pa zamu. Bila saini hiyo hakuna muuguzi atakayegusa dirisha, na simlaumu.

Mlinzi apewe ringi ya gari iliyoning'inizwa na nondo ya kuipigia. Umeme ukikatika inalia. Apewe pia kitambaa chepesi juu ya mlingoti, ili aseme upepo unaelekea wapi. Kisha zimamoto wapigiwe simu, ambayo Tanzania ni 114, na waulizwe mambo mawili tu: ni kitu gani, na upepo unakipeleka wapi.

Kuhama ni hatua ya mwisho kabisa. Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa nyika ulipoufikia mji wa Paradise, California, hospitali ya Feather River ilihamisha wagonjwa zaidi ya 60 kwa haraka, wengine katika magari ya watumishi, na baadhi wakakwama barabarani kati ya moto wakalazimika kurudi. Wagonjwa wa uangalizi maalumu ukiwatoa chumba kilichofungwa ukawapitisha ndani ya gesi, umewaua kwa mkono wako. Hama ukiwa umeambiwa na zimamoto kwamba mnachokimbia kitadumu kuliko hewa mliyonayo, na ukiwa na njia isiyoelekea upepo unakokwenda. Kila mgonjwa aondoke na faili lake kifuani na dawa za siku mbili. Na usisahau kwamba agizo la kuhama mji, kama lile la Goma la tarehe 27 Mei 2021, linamhusu muuguzi pia. Ana watoto nyumbani. Hospitali iliyokubaliana mapema na majirani au shule ya karibu ya kuwapokea watoto wa watumishi ndiyo itakayobakiwa na watumishi.

Zoezi lifanyike mchana mara moja na usiku mara moja kila mwaka, pasipo wageni wa kualikwa wala chakula cha semina. Pima dakika kuanzia ringi inapogongwa hadi dirisha la mwisho la chumba cha kujifungia linapozibwa. Kisha badilisha machujio, kunja upya nailoni zilizochanika, na mlete fundi kwa yale madirisha ya kwenye karatasi yako, akianza na ya wodi ya watoto.